Mifuko Arobaini Bila Koti

Septemba 3

Mimi nina bahati ambayo ikigawiwa kijiji kizima, kila nyumba itabaki na ya akiba. Nimefanya biashara miaka kumi na tisa. Nimelala Urumchi, Istanbul na Delhi, na kote nimeamka nikiwa na pochi yangu. Shule niliishia darasa la nane, lakini nimewauzia maprofesa makoti, tena yaliyowabana. Kontena langu la kuuzia katika soko la Dordoi, mjini Bishkek, nililiuza mwezi mmoja kabla mipaka haijabanwa, wenzangu wakabaki wamekalia mizigo kama kuku aliyelalia mayai viza.

Na sasa bahati imeongezeka. Bubusara, mwalimu mkuu wa shule yetu, amekuja mwenyewe getini kwangu. Mara tatu! Jina langu ni Toktosun, lakini huku mtu wa heshima hukatwa jina, kwa hiyo aliniita Toke. "Toke," akasema, "niokoe. Darasa la tisa lina somo la uchumi wa nchi, kutoka biashara hadi viwanda, na mwalimu sina. Nani anaijua biashara kama wewe?" Nikamwambia nitafikiria. Mtu usionekane mwepesi.

Ni somo la hiari, saa mbili kwa wiki. Siku ya kuhesabiwa ni Desemba 24. Wakibaki wanafunzi wanane, somo linaendelea mwakani. Wakipungua wanane, linafutwa. Waliojiandikisha ni kumi na wanne. Nimecheka. Mimi niliyezuia wateja ndani ya kontena la chuma mwezi wa Julai, nishindwe kuzuia watoto wanane?

Daftari hili nilinunua niandike maandalio ya masomo. Naona nimeanza kujiandika mwenyewe. Haya basi.

Septemba 5

Nimefundisha kama mtu aliyezaliwa na chaki mkononi. Tumepanga madawati safu mbili, tukaziita Dordoi. Kila mtoto auze alichonacho. Nurgazy, mtoto wa mchunga kondoo, kichwa chake kama tikiti na ulimi kama wembe, alinyakua shali ya Begimai mezani akamuuzia Begimai mwenyewe.

"Dada, hii Kashmir safi. Mbuzi mwenyewe alilia walipomnyoa."

"Lakini hii ni yangu!"

"Ndiyo maana imekupendeza."

Akainunua! Kwa kalamu mbili. Nikawaambia, watoto wangu, hiyo ndiyo biashara: kitu hakikuongezeka hata uzi mmoja, na bado kuna aliyetajirika.

Septemba 9

Mvua. Nimekunywa chai.

Septemba 12

Leo nimevaa koti langu la Istanbul. Nikawasimulia nilivyombana bei yule Mturuki mpaka akamwita mama yake. Darasa limekufa kwa kicheko. Kumbe kando ya bomba la kupashia chumba joto yuko msichana mmoja, Aizirek, mwembamba, msuko wake mrefu kuliko maneno yake. Akasimama.

"Mwalimu, naomba niguse."

Akaligeuza koti, akapitisha kidole kwenye bitana. "Hili limeshonwa Bishkek."

"Lebo inasema Istanbul!" Nurgazy akanitetea.

"Lebo ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Shangazi yangu anabandika Istanbul mia mbili kwa siku. Angalieni hapa kwapani, mshono umerudiwa. Uzi wa huku hukatika, kwa hiyo wanarudia."

Nilicheka kuliko wote. "Basi Mturuki yule alinionea huruma, akaniuzia kitu cha kwetu nisikose nyumbani!"

Nilipofika nyumbani nikalitazama kwapa. Mshono umerudiwa. Nililinunua wapi hasa, sitaandika. Lakini miaka kumi na tisa nimeshika makoti na sijawahi kuliangalia kwapa.

Septemba 22

Leo ilikuwa zamu ya kiwanda. Nilileta magazeti, mikasi na gundi ya unga. Kwanza kila mmoja atengeneze koti lake la karatasi peke yake, dakika ishirini. Yakapatikana makoti tisa, moja lina mikono mitatu. Kisha nikawapanga mstari: huyu mikono, yule kola, huyu mifuko, na Nurgazy mwisho, anaunganisha kwa gundi. Dakika ishirini zile zile, makoti ishirini! Nikaandika ubaoni kwa herufi kama ng'ombe: TISA. ISHIRINI. "Hiyo ndiyo tofauti ya nchi inayouza na nchi inayotengeneza."

Aizirek akainua mkono. "Mwalimu, nimekata mifuko arobaini."

"Hongera, mwanangu."

"Sijaona koti hata moja."

Kweli, nilimkalisha ameupa mgongo mwisho wa mstari. Nikamjibu, "Utaliona Warusi wakilivaa." Wote wakacheka, yeye hakucheka. Sasa hivi, namenya viazi, ndiyo nimejua la kufanya: ningesimamisha kazi, nikamwambia atembee mstari mzima, ashike moja lililokamilika. Jibu zuri kabisa, na hapa wa kumwambia ni viazi.

Septemba 29

Leo nimehutubia. Hakuna neno jingine. Niliwaambia Dordoi inazeeka, wapanda mabasi na mabegi wanazeeka, mimi mwenyewe nimezeeka nikibeba vya watu kutoka kwa watu kupeleka kwa watu. "Nchi haisimami kwa mdomo, inasimama kwa mkono. Mimi nimekuwa mdomo maisha yangu yote. Ninyi kuweni mikono!"

Wakapiga makofi, hata Nurgazy, ambaye huwa hapigi kitu bila faida.

Nimerudi kwa miguu ingawa gari ninalo. Kwa miguu unasalimiwa na watu zaidi.

Oktoba 6

Nurgazy hakuja. Mafua, nadhani.

Oktoba 10

Begimai na wenzake wawili hawakuja. Tuko kumi. Mafua gani haya?

Oktoba 13

Nimekutana na mama yake Begimai dukani. Akaweka mkono kifuani mwake, macho yamelowa.

"Mungu akuzidishie, Toke. Mwaka mzima tumembembeleza aende karakana ya kushona, hataki. Wewe wiki tano tu! Anasema, mwalimu kasema tuwe mikono."

"Mama Begimai, nilimaanisha baadaye. Wakishamaliza shule."

"Oda za baridi zinasubiri cheti? Warusi wanataka makoti sasa." Akaninunulia peremende. Nikazipokea, nifanyeje?

Nurgazy naye yuko mjini, anakata vitambaa. Nimewahi kumuuzia kipofu miwani, na sikujisikia hivi.

Oktoba 17

Nimewaeleza darasani kwamba mkono bila kichwa ni mwiko tu wa kusongea. Wakaandika. Siku hizi wanaandika kila ninachosema, na hilo ndilo linanitisha.

Oktoba 20

Wawili wengine wameondoka. Tuko wanane, wanane kamili. Nimesahihisha madaftari yao yote kabla ya mchana. Baada ya mchana nikayasahihisha tena.

Oktoba 27

Aizirek alikuja kwangu saa tisa alasiri. Nilimwona kupitia dirishani akifungua geti, nikafurahi, nikakimbia kutoa kikombe cha pili kabatini. Kilikuwa na vumbi. Tangu mke wangu Sairakan afariki, miaka miwili sasa, vikombe viwili vinanizidi.

Hakukaa. "Mwalimu, kesho naenda mjini. Shangazi amenipatia nafasi kwenye mashine, karakana ya rafiki yake."

"Na wewe? Wewe uliyeuliza koti liko wapi?"

"Bibi anahitaji makaa ya mawe ya baridi hii."

"Makaa nitaleta mimi."

"Bibi hapokei makaa kwa mtu asiye ndugu. Mwalimu unamjua."

Namjua. Bibi Sakish akipewa kondoo atauliza ana kasoro gani. Ningeweza kusema mambo mengi. Ningeweza kumwambia kwamba macho yaliyoona kwapa la koti si macho ya kukata mifuko, asome, awe mwenye kuchora koti zima. Badala yake nikafanya ninachokijua, nikatania. "Haya, nenda ukahesabu mifuko yako, bingwa. Ukifika elfu kumi uniandikie."

Akainamisha kichwa. "Kwaheri, mwalimu."

Saba.

Novemba 4

Likizo fupi. Theluji.

Novemba 5

Theluji.

Novemba 6

Nimezungumza na jirani kuhusu theluji. Amekubali kwamba ni theluji.

Novemba 9

Mwanangu Ulan amepiga simu kutoka Yekaterinburg. "Baba, upweke je?" Nikamwambia upweke ndio nini, watoto wamenikaba koo, hata chai sinywi ikiwa moto. Akafurahi sana. Akafurahi haraka, akakata.

Novemba 14

Bubusara ameniita ofisini. "Saba, Toke. Mpaka ishirini na nne awepo wa nane, la sivyo nafuta. Na darasa la tisa limebaki nusu, wazazi wote wananitajia hotuba yako."

Nikamnong'oneza kwamba jina moja rejistani halimuumizi mtu. Binamu yangu wa Naryn ana mtoto wa umri ule ule.

"Toke, hapa si Dordoi." Hakunikasirikia hata kidogo. Afadhali angenikasirikia.

Novemba 21

Niandike yote, tena polepole.

Leo asubuhi niliwasha gari nikaenda Bishkek. Njia nzima nilijifanyia mazoezi. Nikimwambia Aizirek arudi kwa ajili ya masomo, atanijibu makaa. Nikimwambia arudi kwa ajili yangu, hilo mtu mzima halisemi. Nikajiambia nitaweka neno dogo tu, dogo kama pini, lishike nguo mpaka mshono upite. Biashara ndogo ya mwisho.

Karakana iko chini ya ghorofa, unashuka ngazi kumi na moja. Wanawake kama ishirini, taa nyeupe, vumbi la nyuzi linaelea, mashine zinanguruma kiasi cha kusikika menoni. Aizirek yuko mashine ya tatu, ameupa mgongo mlango. Anashona mifuko. Hakuwa akiteswa, nisimsingizie mtu. Mwenye karakana, Gulbara, alinipa chai na maandazi kabla hata sijasema mimi nani. Pembeni jirani yake alikuwa anamchekesha. Aizirek alikuwa na watu kuliko mimi.

Aliponiona akasimama. Mkono ulibaki juu ya kitambaa.

Nikasema, "Bibi yako hajisikii vizuri kidogo. Njoo nyumbani."

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho.

Kila mtu wa kwetu analijua neno lile. Mtu akiwa mbali, haambiwi kwamba amefiwa. Hapigwi na msiba barabarani akiwa peke yake. Anaambiwa fulani hajisikii vizuri kidogo, njoo. Na yeye anaelewa, na wote walio karibu wanaelewa, ila hakuna anayetamka mpaka afike mlangoni. Anayeumwa kweli, unaambiwa anaumwa, tena unaambiwa na dawa gani ulete.

Gulbara alivua shali yake nyeusi akamfunika Aizirek kichwa. Mwanamke wa mashine ya pili akamfunga vifungo vya koti kama mtoto mdogo. Hakuna aliyelia, kulia kunangoja nyumbani. Gulbara akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Endesha pole pole, kaka."

Pale ndipo ningesema. "Hapana jamani, mzima, anakanda mkate." Maneno matano. Nilikuwa na mdomo wangu wote.

Kisha nilikuwa na saa mbili za barabara. Yeye kiti cha mbele, mikono magotini, hajauliza kitu hata kimoja. Tulipopita mto akaanza kusogeza midomo bila sauti. Nikaelewa anafanya nini. Anatunga. Mjukuu wa kike lazima afike na maombolezo yake, amsifu marehemu kwa maneno yake mwenyewe, na yeye alikuwa anayapanga, kumi na tano umri wake, peke yake, kando ya mwanamume mzima anayejua kwamba hakuna maiti.

Na mimi nilijua kuliko wote. Mimi nilikuwa Urumchi, naonjaonja bei ya zipu, simu ikalia: "Toke, Sairakan hajisikii vizuri kidogo, njoo." Nilisafiri siku mbili na neno lile. Sitajitetea kwamba nilisahau. Nilimwona anasogeza midomo, nikafikiri, sasa nikisema atanichukia, nikifika atafurahi sana kumwona bibi hata atanisamehe. Nikaongeza joto la gari.

Akashuka mwanzo wa njia yao, kama ilivyo desturi, atembee akilia. Sauti ilimtoka ambayo sikujua anayo. "Wewe uliyenilea kwa kiganja, bibi yangu, mlima wangu wa kuegemea, nani sasa atanisuka nywele..." Watu wakatoka mageti yote. Wanaume wakavua kofia. Jirani mmoja akaanza kulia naye, kwa adabu tu, hajauliza hata amekufa lini.

Geti likafunguka. Akatoka Bibi Sakish, mikono ina unga mpaka viwikoni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Aizirek akaanguka magotini kwenye theluji, akamshika miguu, akaendelea kulia, lakini kilio kingine. Bibi akamtazama, akanitazama mimi niliyesimama kando ya gari. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Wewe mtoto wa Kasymaly," akaniambia, "nimesikia kwamba nimefariki. Ungeniambia mapema, ningefagia uwanja."

Kuna waliocheka. Mimi pia nilicheka. Mungu wangu, nilicheka.

Novemba 28

Bibi Sakish ametangaza: mtoto aliyemlilia akiwa hai hatoki tena nyumbani mpaka amalize shule. Makaa yatatafutwa. Mashine ya tatu, nasikia, imeshapewa mtu mwingine, oda hazingoji.

Kwa hiyo Aizirek amerudi darasa la tisa. Ulimi wangu umefanya kazi nzuri kuliko wote, kama kawaida.

Desemba 1

Hesabu, kemia, lugha, amehudhuria vyote. Ilipofika saa yangu akachukua mkoba akatoka. Somo la hiari.

Desemba 5

Ametoka.

Desemba 8

Ametoka. Nimefundisha reli na makaa ya mawe. Saba wameandika.

Desemba 12

Baridi imepasua ndoo. Ametoka.

Desemba 15

Leo nimewaacha saba wanachora ramani, nikamfuata koridoni. Alikuwa amekaa kwenye bomba la joto, anasoma.

"Aizirek. Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe, mwalimu. Bibi alisema lazima."

"Basi ingia. Saini tu karatasi. Tukiwa wanane somo linabaki."

Akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani ya ukurasa. "Mwalimu ulikuja mjini kwa sababu yangu au kwa sababu ya wanane?"

Nilifungua mdomo. Kila mara nikifungua mdomo hutoka kitu. Leo hakikutoka.

Akasubiri. Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayeonyesha mshono, "Uwongo wa pale karakana naweza kuuelewa. Wote tulikuwa tunakutazama, ungefanyaje. Lakini tulikuwa na saa mbili barabarani, mwalimu. Ulinisikia natunga. Ukaniuliza kama nasikia baridi."

"Ndiyo," nikasema.

"Ubeti wa Bibi kunisuka nywele niliutunga ulipokuwa unaniuliza hivyo."

Nikarudi kwa ramani zangu.

Desemba 19

Nimewaambia saba wote. Yote, kuanzia hotuba mpaka shali nyeusi. Sikuweka mzaha hata mmoja, ikawa ngumu kama kutembea na mguu uliokufa ganzi. Nikawaambia pia kwamba siku ya mstari wa makoti, Aizirek aliuliza swali zuri kuliko masomo yangu yote, na mimi nikalifanyia mzaha likafa. Tukapanga mstari upya. Safari hii kila mmoja, akimaliza kipande chake, akitembeze mpaka mwisho alione koti. Tukapata makoti kumi na moja tu. Mmoja wao akauliza, "Mwalimu, tumeshindwa?" Nikasema sijui. Sijawahi kusema neno hilo mbele ya mteja wala mwanafunzi.

Mlango ulikuwa wazi. Bomba la joto la koridoni lilikuwa na mtu. Hakuingia.

Desemba 24

Bubusara alikuja na karatasi, akahesabu kwa kidole. Saba. Akahesabu tena, najua alinihesabia mimi. Kisha akalikata somo kwa mstari mmoja, akatumia rula.

Watoto wakanipa soksi za sufu. Aizirek nilimwona uwanjani anatoka na wenzake. Aliniinamia kichwa, kama inavyompasa kwa mtu mzima yeyote, akaendelea na safari yake. Anafanya vizuri sana kemia, wanasema.

Bubusara alinisindikiza mpaka ngazini. "Utafanya nini sasa, Toke?" Nikamwambia nina mialiko mingi, Almaty wananitaka, Delhi wananitaka. Akanitazama tu, kwa sababu yeye anajua, na hajawahi kuniumbua mbele ya mtu.

Nimewasha jiko. Nimesoma daftari hili toka mwanzo, na ukurasa wa kwanza siwezi kuuacha ulivyo. Bubusara hakuja getini kwangu, hata mara moja. Mimi ndiye niliyemwendea, mara tatu, nikamwomba anipe somo lolote, bila malipo, na mara ya tatu nililia.